Mkono mtupu haulambwi: je, kumtuza anayerudisha ni kumhonga?



Mara hii sisi wa kamati ya gazeti hatuleti habari ya semina wala ya ujenzi wa kanisa. Tunaleta swali. Swali lenyewe limetugawa sisi kwa sisi, hata jioni moja tuliondoka kwenye kikao bila kuagana vizuri. Tukaona, kama sisi watu sita tumeshindwa kulimaliza, ni vema tuliweke mbele ya washarika wote, kila nyumba ilifikirie.

Habari ilianza hivi. Siku ya mgao wa chakula, mama mmoja mzee, mjane, aliangusha kadi yake njiani. Hatuna haja ya kuwaeleza ninyi maana ya kadi. Bila kadi hakuna unga, hakuna maharagwe, hakuna mafuta, na kupata nyingine ni kupanga foleni asubuhi nyingi. Mama alilia. Vijana walitafuta njia nzima, hawakuona kitu. Siku ya tatu asubuhi, mtoto wa kiume wa miaka kama kumi alikuja mlangoni kwa mama, kadi mkononi. Akaulizwa, "Umeitoa wapi?" Akasema aliiokota. "Na siku hizi mbili zote ulikuwa nayo?" Akanyamaza, akatazama chini.

Mama aliingia ndani, akatoa andazi alilokuwa amebakiza, akampa mtoto. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye sisi sote tunamheshimu, alisema mtoto alistahili fimbo, si andazi, kwa kuwa siku mbili alizokaa na kadi alikuwa mwizi. Jirani mwingine alisema, "Ukimpa andazi leo, kesho ataficha kadi za watu ili apate maandazi." Na mwingine akacheka, akasema, "Mkono mtupu haulambwi. Dunia ndivyo ilivyo."

Basi swali letu ni hili: mtu anaporudisha kilicho cha mwenzake, nasi tukampa kitu, je, tumemfundisha wema, au tumemnunua?

BARUA KUTOKA NCHI YA TATU

Tukiwa bado katika ubishi huo, ilifika barua ya ndugu yetu mmoja aliyekuwa mwimbaji hapa kabla ya kupelekwa nchi ya tatu. Yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Ametuandikia juu ya kazi yake, nasi mwanzoni tulicheka sana. Anafanya kazi mahali wanapofundisha mbwa wa kuwinda. Anasafisha mabanda, anachemsha nyama, anaikata vipande vidogo kama punje ya maharagwe, na kumsaidia mwalimu wa mbwa kuvitoa kwa saa yake. "Wazee wangu," aliandika, "nimevuka bahari ili niwape mbwa nyama mkononi, mmoja mmoja." Lakini tuliposoma hadi mwisho hatukucheka tena, maana tuliona anazungumza habari ya yule mtoto na kadi bila yeye kujua.

Wasomaji wetu wa Ituri na wa misitu ya Kongo wanawajua mbwa wa kuwinda wa kwetu, wale wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wazungu huwaita basenji. Kwa sababu hawabweki, wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo. Kazi ya mbwa huyo ni kumfukuza mnyama mpaka aingie wavuni. Akishaingia, kazi ya mbwa imekwisha. Hakuna anayemtuma akalete kitu mkononi.

Kule Minnesota kazi ni nyingine. Jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000. Majira ya vuli, kabla ya barafu, bata wa mwituni hupita kwa makundi, na wawindaji hujificha katika matete. Mwindaji akipiga bata, ndege huanguka mbali, ndani ya maji baridi au katikati ya majani. Mtu hawezi kumfuata. Hutumwa mbwa. Mbwa lazima atazame mahali ndege alipoangukia, aogelee, amtafute, amshike, arudi naye, na amtoe mkononi mwa mwenyewe akiwa mzima, hakutafunwa. Ziko aina za mbwa waliozalishwa kwa kazi hiyo tu. Mmoja ni Labrador, ambaye mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland kule Kanada, akaendelezwa Uingereza. Mwingine ni yule mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, aliyeanzia Uskoti, ambako bwana mmoja aliyeitwa Lord Tweedmouth alipata watoto wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1868. Sifa kubwa ya mbwa hawa wanaiita mdomo laini, maana yake anabeba ndege bila kumvunja mfupa.

Hebu fikirini jambo hilo, ndugu. Mbwa ni mla nyama. Ametoka majini, ana njaa na baridi, mdomoni ana nyama ya moto yenye damu. Hakuna mtu karibu naye. Naye anairudisha. Ni nini kinachomrudisha?

NJIA MBILI

Ndugu yetu anasema ziko njia mbili za kumfundisha mbwa jambo hilo, na watu wa kule hawajapatana mpaka leo.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Mbwa hufungwa mezani au hushikwa imara. Mwalimu humfinya sikio kwa kucha au kwa ukosi wa mkanda. Mbwa akilia kwa uchungu, mdomo hufunguka, na mara ile kijiti huwekwa mdomoni mwake. Akikishika, sikio huachiliwa. Hurudiwa hivyo siku nyingi mpaka mbwa anakikimbilia kijiti mwenyewe, kwa kuwa ameelewa kwamba kushika ndiyo dawa ya maumivu. Tuseme haki: wako walimu hodari wanaotumia njia hii hadi sasa, nao si watu wakatili wote. Wanasema mbwa aliyefundishwa hivyo hachagui. Maji yawe baridi namna gani, atakwenda.

Njia ya pili ni ya vipande vya nyama. Mtoto wa mbwa hutupiwa soksi iliyokunjwa, karibu tu, katika njia nyembamba yenye ukuta huku na huku. Anaikimbilia, anaiokota. Mwalimu hamfukuzi. Anachuchumaa, anamwita kwa sauti nzuri, na mbwa akija anapapaswa kifuani huku soksi ikiwa bado mdomoni mwake. Hanyang'anywi mara moja. Baadaye anaonyeshwa kipande cha nyama. Anaiachia soksi ili ale nyama, na wakati ule ule kinatolewa kidude kidogo cha bati kinacholia "tik", ili ajue ni tendo gani hasa lililompatia nyama. Kisha linakuja jambo la ajabu: anarudishiwa soksi. Inatupwa tena, naye anakimbia tena.

Kwa majuma hutupwa umbali mkubwa zaidi, kisha ndani ya majani, kisha majini. Soksi hugeuka mfuko wa turubai, na mwisho hugeuka ndege. Vipande vya nyama navyo hupunguzwa. Mara anapewa, mara anasifiwa tu. Na mbwa akishaiva katika kazi, mara nyingi huacha kuitafuta nyama. Anatazama mkono wa mwalimu akingoja kitu kimoja: atumwe tena. Ndugu yetu ameandika kwamba tuzo kubwa kuliko zote kwa mbwa wa namna hiyo ni kutumwa tena.

Elimu ya njia hii ina historia katika mji mkubwa wa jimbo lile lile. Mtaalamu Skinner alifundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota tangu 1936 hadi 1945, naye alionyesha kwamba tendo lililofuatwa mara moja na jambo jema hurudiwa. Wanafunzi wake wawili, mume na mke, Keller na Marian Breland, waliichukua elimu hiyo wakaifanya kazi ya maisha, wakafundisha kuku, nguruwe, mbwa na wanyama wengine wa kila aina bila kipigo.

ALIYENYANG'ANYWA HUSHIKA KWA NGUVU

Sasa tunafika mahali palipotugusa.

Tulimwandikia ndugu yetu kumwuliza, kwa nini mwalimu hachukui soksi mara tu mbwa anapofika? Si ndiyo kazi yenyewe, kuleta na kutoa? Akajibu kwamba mbwa ambaye kila akileta kitu ananyang'anywa, hujifunza mambo matatu. La kwanza, hukimbia nacho mbali, akazunguka bila kukaribia. La pili, hukibana kwa meno, na hapo mdomo laini unakuwa mdomo mgumu, ndege anafika amepondeka. La tatu, hukimeza ili asinyang'anywe. Wenye mbwa husema mbwa huyu ni mchoyo, ni mkaidi, apigwe. Lakini mbwa hana uchoyo wa ajabu. Amejifunza tu kwamba mkono wa binadamu unachukua na haurudishi.

Tulipousoma mstari huo kikaoni, hakuna aliyesema neno kwa muda. Nani kati yetu hakunyang'anywa? Wengine shamba, wengine ng'ombe, wengine nyumba na vitabu vya shule, wengine watu wao. Tulivuka mpaka na kile tulichoweza kukibana kifuani. Na watoto wetu, hata waliozaliwa hapa ambao hawakuona vita, wameyanyonya hayo. Mtoto wa kambini anajua mapema kwamba kitu ukikiachia hakirudi. Ndiyo maana tunaona mtoto akila kwa kujificha, akilala na kalamu yake chini ya mkeka, akiokota kitu cha mtu na kunyamaza. Sisi tunamwita mwizi. Huenda ni mdomo uliokuwa mgumu kwa sababu.

Tena wale Breland, mume na mke, walikutana na jambo kama hilo, wakaliandika waziwazi mwaka 1961 ingawa liliitia doa kazi yao. Walimfundisha mnyama wa Marekani anayeitwa rakuni, mwenye vidole vyepesi kama vya nyani, aokote sarafu na kuitumbukiza katika kopo, apate chakula. Kwa sarafu moja aliweza, japokuwa kwa shida. Walipompa mbili, alishindwa. Alizisugua moja kwa nyingine, akazichovya katika kopo, akazitoa tena, dakika nyingi, kama bahili anayehesabu fedha zake. Alikosa chakula, wala hakuziachia. Kwa hiyo tusidhani tuzo ni uchawi. Kuna kushika kunakotoka ndani sana, na vipande vya chakula peke yake havikufungui.

JE, NI HONGO?

Jirani yetu alisema andazi la mama lilikuwa hongo. Tulipima neno hilo. Hongo hutolewa kabla ya tendo, hutolewa gizani, na hutolewa ili mtu apotoshe kile anachojua ni haki. Kipande cha nyama cha mwalimu wa mbwa hutoka baada ya tendo, mbele ya macho, na kinasema ukweli: hilo ulilofanya sasa hivi ndilo jema. Mama hakumwambia mtoto, "Lete kadi nitakupa andazi." Mtoto alikuja hajui atapewa nini. Yawezekana alitazamia fimbo. Akaja hata hivyo.

Na hapo ndipo tulipoona hatari ya ushauri wa mzee wetu, pamoja na heshima yote. Yeye alitaka kumpiga mtoto kwa ajili ya siku mbili. Lakini walimu wa mbwa wa njia zote mbili wanakubaliana katika jambo moja: mnyama huunganisha adhabu na kile anachofanya wakati ule ule. Mbwa aliyechelewa kuja, akapigwa alipofika, hajifunzi kuja haraka. Anajifunza kutokuja. Mtoto ana akili kuliko mbwa, anaweza kuelezwa sababu. Hata hivyo mwili wake nao unajifunza. Fimbo ile ilikusudiwa kupiga kuficha, lakini ingempata mlangoni, kadi ikiwa mkononi mwake. Ingepiga kurudisha. Na watoto wengine waliokuwa wakitazama wangejifunza nao: ukiokota kitu, kitupe chooni, usikirudishe, maana anayerudisha hupigwa.

Najua wengine watatukumbusha Mithali 13:24, habari ya fimbo. Hatuifuti. Lakini tuisome pamoja na Wakolosai 3:21, ambapo akina baba wanaonywa wasiwavunje moyo watoto wao. Na zaidi tuisome Luka 15. Yule mwana mdogo alirudi amechelewa, tena hakuleta hata kadi. Alikuwa amekula kila kitu. Baba hakungoja kuuliza hesabu ya siku. Alimpa pete, vazi na ndama. Aliyenung'unika ni kaka mkubwa, aliyekuwa na hoja nzuri kabisa ya haki. Sisi wengi wetu katika habari ya kadi tulikuwa kaka mkubwa.

HATARI YA TUZO

Lakini tusiishie hapo kwa furaha, kwa sababu jirani yetu naye aliona jambo la kweli. Tuzo ina sumu yake.

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha habari ya watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe likichora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, lakini baada ya kuchora likapewa cheti kile kile kwa ghafla. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa. Baadaye, walipoachwa wacheze wapendavyo, watoto walioahidiwa walichora kidogo kuliko wale wengine. Lile kundi la ghafla halikupungukiwa. Cheti kilikuwa kimoja. Kilichoharibu ni mapatano ya mwanzoni: kuchora kulikuwa furaha, kukageuka kibarua.

Ndugu, tusicheke watoto wa Marekani. Sisi wenyewe tukiitwa kwenye mkutano, swali la kwanza ni lipi? "Kuna soda?" Tukiitwa semina ya usafi, tunauliza kama kuna sabuni. Tumefika mahali ambapo mtu anahesabu bei ya kusikiliza neno linalomfaa yeye mwenyewe na watoto wake. Hatusemi wanaotoa sabuni ni wabaya, wala anayeichukua ana kosa, maana sabuni inahitajika. Lakini tukubali kwamba kitu kimetupata. Ahadi ya mbele imetufundisha kutazama mkono, si kazi. Na shule ya Jumapili tukianza kutangaza, "Atakayekariri atapata biskuti," tutapata wakariri wengi, na biskuti zikiisha tutabaki na mkeka mtupu.

Kwa hiyo tofauti haiko katika kutoa au kutotoa. Iko katika maswali haya: Je, umetoa baada au umeahidi kabla? Je, unachotoa kinamwambia mtu ukweli juu ya alilofanya, au kinamwambia bei yake? Je, kinapungua kadiri wema unavyoota mizizi, au kinaongezeka? Mwalimu mzuri wa mbwa hupunguza vipande kila juma. Mwalimu mvivu hujaza mfuko zaidi, na mbwa wake hafanyi kitu asiponusa nyama kwanza.

Ndipo tukaielewa tena methali yetu. Mkono mtupu haulambwi: tumezoea kuisema kwa kejeli, kama kwamba kila kiumbe kina tumbo tu. Lakini mwulizeni yeyote aliyefuga mbwa kwa wema. Ipo siku mbwa huulamba mkono usio na kitu, kwa sababu mkono huo haukumdanganya. Nyama ilikuwa mwanzo wa urafiki, wala haikuwa urafiki wenyewe.

JIRANI ZETU WA MOROGORO

Msiseme hayo ni ya Wazungu na mbwa wao waliolelewa kitandani. Hapa karibu yetu, Morogoro nchini Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, hata akipita juu ya bomu halilipuki. Anafundishwa kwa njia ile ile: akinusa sawasawa anasikia mlio mdogo, kisha anapewa ndizi. Panya hao walisaidia kazi ya kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa maeneo ya mabomu yaliyojulikana. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Alikuwa amegundua mabomu na baruti zaidi ya 100.

Tunawaza wakulima waliorudi kulima mashamba hayo. Walirudishiwa ardhi yao na mnyama ambaye kwetu tunamkimbiza kwa ufagio, aliyefundishwa kwa ndizi na uvumilivu. Sisi tulioikimbia ardhi yetu tunajua uzito wa jambo hilo.

MTOTO SI MBWA

Mzee wetu alisoma maandishi haya kabla hayajachapwa, akatuambia neno moja tunaloliweka hapa kwa haki. Alisema, "Mbwa harudishi bata kwa sababu ni haki. Mtoto lazima ajue haki. Mkimlisha tu, atakua na tabia njema bila dhamiri, na siku hakuna anayemwona atafanya nini?"

Amesema kweli, nasi tumelipokea. Mbwa hana haja ya kujua bata ni wa nani. Mtoto lazima ajue kwamba kadi ile ilikuwa ni unga wa mjane. Kwa hiyo baada ya andazi lazima yaje maneno, tena si ya kupiga kelele. Mtoto akalishwe chini, aambiwe mama alilalaje siku zile mbili, aulizwe aliogopa nini, asikilizwe. Tuzo hufungua mkono. Haiwezi kuweka ndani ya moyo sababu ya kuufungua. Kazi hiyo ni ya mzazi, na haina njia ya mkato.

Ila nasi tulimjibu mzee: moyo unaoogopa hausikii maneno. Ni lazima mtoto aamini kwanza kwamba mlangoni hakuna fimbo, ndipo atakapokaa kutosha kusikia habari ya haki.

Je, mambo yaliishaje? Mama mwenye kadi hakuwa katika vikao vyetu. Hajui Skinner wala rakuni. Siku ya mgao uliofuata alipita nyumbani kwa mtoto yule, akaomba ruhusa kwa mama yake, akampa mtoto kadi ile ile aishike mkononi, akamwambia, "Twende, mjukuu wangu, macho yangu hayaoni namba vizuri. Wewe utanishikia." Mtoto alitembea mbele yake njia yote, kadi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kwenye dirisha aliitoa, ikagongwa muhuri, akairudisha kwa mama. Hakuna andazi lililoonekana siku hiyo. Watu walioona wanasema mtoto alitembea kama mtu mzima.

Sisi tulikuwa tumebishana juu ya andazi na fimbo. Mama aliona kitu cha tatu: alimtuma tena.

Tunawaachia ninyi, wapendwa, mlizungumze jioni baada ya chakula. Ni nani katika nyumba yako ambaye alirudisha kitu, au alirudi mwenyewe, akakuta fimbo mlangoni? Na ni nani anayengoja kutumwa tena? Mlio na maoni tofauti na yetu leteni kwa maandishi kabla ya toleo lijalo. Mzee wetu ameahidi kuandika la kwake, nasi tutalichapa bila kupunguza.

Mungu awabariki na kuwalinda, nyumba kwa nyumba.

Ni sisi, kamati ya gazeti.